Siku ya kazi ya developa anayefanyia kazi nyumbani Dar: mwongozo kamili toka asubuhi mpaka unafunga laptopu

Kuna mdogo wangu mmoja wa mtaani hapa Tabata, kamaliza chuo, kapata kazi ya kwanza ya kuandika programu, kampuni iko Ujerumani yeye yuko chumbani kwake, wiki ya 3 akanifuata jioni akaniambia "kaka, mi nakaa kwenye laptopu masaa 12 lakini ukiniuliza leo nimefanya nini sina jibu". Nikamwambia nipe siku yako ya jana, saa kwa saa. Akaanza: kaamka kashika simu, kajibu meseji za kazini akiwa kitandani, kafungua laptopu saa 3, katumwa dukani, karudi, umeme ukakatika saa 5 akakaa anausubiri, mitingi, afu kuandika programu kwenyewe kaanza saa 10 jioni, kalala saa 8 usiku. Huyu sio mvivu na uwezo anao. Ila kila anachofanya kiko kichwani kwake tu, umeme ukikatika na kazi nayo inakatika, akirudi anaanza kutafuta alikuwa wapi.

Mi huu ni mwaka wa 8 kwenye hii kazi, muda mwingi upande wa malipo ya simu, na nikimfundisha mtu namwambia hivi: panga siku kama mtu anayejua atakatishwa muda wowote. Maana utakatishwa kweli, na umeme, na mtandao, na nyumbani, na bosi. Kwa hiyo kazi yako kila baada ya muda mfupi iwe imetoka kichwani imekaa mahali ambapo ukirudi unaiokota hapo hapo. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Umeme na mtandao vimalizwe usiku

Usisubiri asubuhi. Usiku kabla hujalala angalia uniti za LUKU zimebaki ngapi, chaji laptopu mpaka ijae, chaji simu, na hakikisha una bando kwenye laini ya mtandao tofauti na ule wa ruta yako. Tofauti kabisa, maana ukiwa na ruta na simu za kampuni moja mnara ukisumbua vyote vinalala pamoja. Kitu ambacho ningekununulia mimi mwenyewe kama ningeweza ni ile UPS ndogo ya ruta, unaichomeka kati ya waya wa umeme na ruta, umeme ukikatika intaneti inaendelea masaa kadhaa na laptopu inakula betri yake, unaweza usijue hata kama umeme umekatika mpaka uone feni imesimama.

Kingine watu wanakisahau, hakikisha unaweza kufanya kazi bila mtandao kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kuvuta kwa kamba. Siku hiyo na zilizofuata aliyekuwa na databezi (ghala la data la programu) ya majaribio ndani ya laptopu, laibrari (vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine) kashazishusha na nyaraka za lugha anayotumia kaziweka kwenye diski, aliendelea na kazi. Git, ile programu ya kutunza historia ya kazi yako, yenyewe inakuruhusu, Linus Torvalds alivyoitengeneza mwaka 2005 aliifanya kila mashine iwe na historia nzima ya mradi, kwa hiyo unakomiti (unahifadhi hatua uliyofikia) bila intaneti na unakuja kupushi (kuituma kwenye seva ya timu) mtandao ukirudi. Jaribu Jumamosi moja, zima waifai makusudi, ona ni kitu gani kinakataa, afu kirekebishe.

Hatua ya 2: Zijue saa zako na saa zao

Hapa watu wanapoteza heshima kazini kwa kitu kidogo sana. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, wenzetu wa Ulaya wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na wanarudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo stendapu, yaani kile kikao kifupi cha timu cha kila siku, ya Berlin ya 10:00, wakati wa baridi kwako ni saa 6 mchana, wakati wa joto ni saa 5 asubuhi. Ukishika tu kichwani kwamba "stendapu ni saa 6" basi Jumatatu ya kwanza baada ya kubadilisha unafika saa nzima umechelewa na umetulia kabisa. New York ndo mbali zaidi, wako nyuma yetu masaa 8 wakati wao wa baridi na 7 wakati wa joto, na wao hawabadilishi siku moja na Ulaya.

Fanya hivi: kwenye kalenda weka mitingi kwa saa za huko inakotoka, iache kalenda yenyewe ikutafsirie. Ukimwandikia mtu asiye wa huku andika 14:00, usiandike saa 8 wala usimtafsirie kwa mdomo haraka haraka, nimeshaona mtu anaambiwa "saa tatu" na mgeni anaisubiri mitingi saa 9 alasiri. Na logi za seva nyingi, yaani kumbukumbu ambazo seva inajiandikia ya kila kinachotokea, ziko kwenye UTC, saa ya kimataifa, ongeza masaa 3 upate saa ya huku. Kosa lililoandikwa 06:12 kwenye logi limetokea saa 3 na dakika 12 asubuhi yako, kalilinganishe na ulichokuwa unafanya muda huo.

Hatua ya 3: Linda asubuhi

Kama kuna hatua moja utaichukua humu chukua hii. Kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi ndo muda wangu wa kazi ngumu, Ulaya bado hawajachangamka, joto la Dar bado halijapanda, kichwa bado kisafi. Masaa 3 hayo yana thamani kuliko 8 yaliyokatwakatwa vipande. Kazi yetu ni ya kubeba vitu vingi kichwani kwa mara moja, hii data inatoka wapi inapita wapi inaharibikia wapi, inachukua muda kuvipanga, na mtu akikugonga begani na "samahani dakika moja" vyote vinaanguka na unaanza kuviokota upya.

Kwa hiyo simu inakaa chumba kingine au inageuzwa kifudifudi na notifikesheni zimezimwa. Meseji za kazini usizifungue kwanza. Najua inatisha mwanzoni, unahisi kuna kitu kinaungua, lakini kama kuna kitu kinaungua kweli watapiga simu, kubaliana na timu kabisa kwamba dharura ni simu, mengine yote ni meseji na utajibu saa 5.

Sasa nyumbani. Hili linatuumiza wengi na hatulisemi. Kwa wazazi wetu mtu aliyeko nyumbani hana kazi, yupo, basi atatumwa gengeni, atafungua geti, atapokea mgeni, na wala sio ubaya, hawajawahi kuona kazi ya namna hii. Usinune, na usijifungie ndani ukawa hujibu ukiitwa, unaonekana una kiburi. Kaa nao siku ya mapumziko uwaeleze vizuri. Mimi nilimwambia mama hivi: "Mama, kuanzia saa 2 mpaka saa 5 mimi ni kama niko Posta ofisini, ukinitafuta muda huo ni kama umenipigia simu nikiwa kwa bosi. Saa 5 natoka, chochote unachotaka nakifanya." Na saa 5 kweli unatoka unakwenda sokoni ukitumwa. Ukitimiza upande wako wiki 2 tu utamsikia mwenyewe anamwambia mgeni "subiri, yuko kazini". Wenye watoto wadogo inabidi mpangilio ubadilike, wengine wanaanza saa 11 alfajiri baada ya swala kabla watoto hawajaamka, ni sawa kabisa, cha msingi ni masaa 2 au 3 yasiyokatika, sio lazima yawe ya kwangu.

Hatua ya 4: Chukua tiketi moja, ianze hivi

Moja. Tiketi ni kazi moja au kosa moja lililoandikwa kwenye orodha ya timu. Ukifungua 3 kwa pamoja utamaliza siku una nusu 3.

Nitatumia mfano wa kweli wa kazi za malipo. Tiketi inasema "wateja wengine wanaongezewa salio mara 2". Mtu mpya anafungua faili na kuanza kubadilisha vitu. Usifanye hivo. Kwanza iandike upya kwa maneno yako, Kiswahili kama unafikiri kwa Kiswahili, mstari au miwili: mteja kalipa mara 1, sisi tumemuandikia mara 2, kwa nini. Ukishindwa kuiandika hujaielewa, rudi kwa aliyeileta umuulize.

Pili lifanye kosa litokee mbele ya macho yako. Hapa ungeenda kwenye logi ukakuta kolbaki, yaani ule ujumbe ambao mtandao wa simu unaitumia seva yako kusema huyu kalipa, umekuja mara 2 kwa namba ile ile ya muamala. Inatokea sana, seva yako ikichelewa kujibu wao wanadhani haujafika wanatuma tena. Basi kwenye laptopu yako tuma ujumbe ule ule mara 2, ona salio linaongezeka mara 2. Ukishaona hivyo umepata nusu ya kazi.

Afu andika testi, yaani programu ndogo ya kukagua kazi yako, inayofeli kwanza: nikituma mara 2 salio liongezeke mara 1. Inafeli, safi. Sasa ndo unarekebisha, na marekebisho yenyewe ni madogo tu, unaweka sheria kwenye databezi kwamba namba ya muamala isijirudie, ujumbe wa pili ukija databezi inakataa na wewe unamjibu mtandao wa simu kwamba nimepokea, asiendelee kutuma. Usitegemee kuangalia tu "je ipo?" halafu ndo uandike, maana ujumbe 2 zikifika sekunde moja zote zitaambiwa haipo na zote zitaandika. Iachie databezi kazi hiyo.

Kila kipande kikifanya kazi unakomiti. Testi, komiti. Sheria ya databezi, komiti. Na maneno ya komiti yaseme kwa nini, sio "marekebisho", miezi 6 ijayo utayasoma wewe mwenyewe. Kabla hujainuka kwenye kiti kwa sababu yoyote, hata chai, pushi kwenye brenchi yako, yaani tawi lako la pembeni la mradi.

Hatua ya 5: Ukikwama, dakika 30

Weka dakika 30. Zikiisha hujasogea hata hatua, uliza. Vijana wengi wanakaa siku 2 na kosa la dakika 10 kwa sababu ya aibu, wanaogopa kaka mkubwa atasema huyu hajui, na ukweli ni kwamba anayekaa kimya siku 2 ndo anayewapa watu wasiwasi.

Namna ya kuuliza ndo inahitaji kujifunza. Usiandike "mambo kaka, upo?" halafu ukasubiri. Yeye anaona saa 1 baadae anajibu "poa, nipo", wewe umeshatoka, siku imeisha kwa salamu. Salamu ni lazima, hatuwezi kuiacha, ila iende na swali kwenye ujumbe mmoja: "Shikamoo kaka, habari za asubuhi. Nataka kolbaki ya pili ikataliwe, nimeweka sheria kwenye databezi, kwenye laptopu inafanya kazi ila kwenye seva ya majaribio inaniambia kuna namba zimeshajirudia. Nimeangalia nimekuta 14. Nizifute au kuna utaratibu?" Hapo kuna unachotaka, ulichofanya, kilichotokea, ulichojaribu. Anajibu kwa mstari 1. Na mara nyingi sana ukiwa unaiandika jibu linakuja lenyewe hata hujatuma.

Zana za AI tumia, mi natumia kila siku, lakini usibandike msimbo (mistari ya programu) usioweza kumuelezea mwenzako mstari kwa mstari, na usiwape namba za simu wala miamala ya wateja wa kweli, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hata isingekuwepo zile ni siri za watu. Tengeneza data ya uongo.

Hatua ya 6: Stendapu na mitingi

Stendapu ni dakika 15 kwa timu nzima. Andika maneno yako dakika 5 kabla, kwa Kiingereza kama timu inatumia Kiingereza, na uyasome kabisa kama lugha inakukaba, hakuna anayejali. Sema umemaliza nini, unashika nini, nini kinakuzuia. Hilo la mwisho ndo linalosaidia na ndo tunaloruka kwa adabu, tunasema "kila kitu kiko sawa" huku tumesubiri ruhusa ya kuingia kwenye seva siku 3. Sema.

Mitingi nyingine zikusanye mchana pamoja, zishikane. Mitingi ya nusu saa iliyokaa katikati ya asubuhi imekula asubuhi nzima. Na Ijumaa kama unaswali zuia kwenye kalenda saa 6 na nusu mpaka saa 8, andika wazi ni swala, watu wanaheshimu kitu kilichoandikwa.

Hatua ya 7: Mchana

Kula mbali na laptopu. Toka nje utembee hata mpaka dukani. Kuanzia Desemba mpaka Machi saa 8 mchana joto linakumaliza kabisa, usijilazimishe kazi nzito, huo ndo muda wa kusoma kazi za wenzako.

Kusoma kazi ya mwenzako ni kazi kamili, usiifanye kama kugonga muhuri. Anza na maelezo yake, anataka kutatua nini, nenda kwenye testi, afu ndo msimbo. Akileta mistari 1,500 kwa mara moja mrudishie kwa upole aigawe, maana hakuna binadamu anayeisoma hiyo, ataperuzi tu na kuandika "iko vizuri". Maoni yako yawe ni maswali pale ambapo huna uhakika, "hapa ujumbe ukija mara 2 itakuwaje?" inafundisha zaidi kuliko "hii sio sahihi". Na sema wazi lipi ni lazima abadilishe na lipi ni ladha yako tu. Kitu kizuri ukikiona kisifie, inachukua sekunde 5 na mwenzako anakaa nacho wiki nzima.

Hatua ya 8: Kudiploi

Kudiploi ni kupeleka badiliko lako kwenye seva wanayotumia wateja wa kweli. Diploi asubuhi au mchana mapema, Jumatatu mpaka Alhamisi. Usidiploi Ijumaa, na kama ni mambo ya malipo usiguse kuanzia tarehe 25 mpaka mwezi ugeuke, mishahara inatoka na kila mtu anatuma hela.

Mi hili nililipia. Miaka kadhaa nyuma, kampuni niliyokuwepo, Ijumaa saa 11 jioni nikadiploi badiliko dogo kwenye hiyo hiyo sehemu ya kolbaki, testi zote kijani, yaani zimepita, nikafunga laptopu nikaenda zangu harusini. Badiliko lilikuwa linachelewesha jibu kwa sekunde chache tu, kwenye laptopu yangu halionekani, kwenye seva yenye watu wengi mtandao wa simu ukawa unaona kimya unatuma tena, wateja wakaongezewa salio mara 2 mpaka 3. Simu niliiona saa 4 usiku. Tulikaa mpaka Jumapili asubuhi tunapitia muamala mmoja mmoja, na wengine hela walishaitoa, hairudi. Hiyo sheria ya databezi niliyokueleza juu nimeijua usiku huo.

Na sio sisi wadogo tu. Tarehe 19 Julai 2024, Ijumaa, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, walisambaza sasisho lenye kasoro, Microsoft wakakadiria mashine za Windows milioni 8.5 ziliangushwa, ndege zikafutwa huko Marekani na Ulaya. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza miradi ya developa, usiku amechoka, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba, walipokwenda kwenye bekapu (nakala za akiba) wakakuta wanazozitegemea hazifanyi kazi, kilichowaokoa ni nakala ya masaa kama 6 nyuma iliyochukuliwa kwa bahati tu.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza: unajua namna ya kurudisha ya jana kwa dakika 5, na umeshawahi kuijaribu? Bekapu imeshawahi kurudishwa kweli na mtu, au ipo tu kwenye folda? Uko kwenye seva gani, soma jina lake kwa sauti. Kuna mwenzako macho yupo? Ukishadiploi kaa hapo nusu saa unaangalia logi, angalia muamala mmoja wa kweli unapita toka mwanzo mpaka mwisho. Usiinuke. Kikiharibika rudisha ya jana kwanza, kutafuta sababu baadae, watu wanapenda kurekebisha mbele kwa mbele huku wateja wanaumia.

Hatua ya 9: Funga siku

Saa 11 jioni, au saa yoyote uliyochagua, acha dakika 15. Pushi kila kitu hata kama hakijaisha, kwenye brenchi yako hakuna anayekusema. Jibu meseji zilizobaki. Afu andika noti ya mistari 3 kwenye faili moja ambalo ni hilo hilo kila siku: nimefanya nini, nimeishia wapi, kesho naanza na nini. Huo wa tatu uwe mdogo kiasi kwamba hata ukiamka umechoka unaweza kuufanya, usiandike "malizia tiketi", andika faili gani, mstari gani, unafanya nini pale.

Ujanja mmoja, ukiweza acha testi moja inafeli makusudi. Asubuhi unaiendesha, nyekundu, unajua hasa kinachotakiwa, hakuna kukaa unakunja mikono unawaza uanzie wapi.

Baada ya hapo laptopu inafungwa na meseji za kazini zinafungwa. Kama ni zamu yako ya dharura simu iwe na sauti, kama sio zamu yako basi sio yako, mwenye zamu yupo.

Yule mdogo wangu wa Tabata mwezi uliofuata alinionyesha noti yake ya Alhamisi, nimemuomba niiweke hapa kama ilivyo:

"Nimefanya: kolbaki ya pili inakataliwa, testi 4 zinapita. Nimeishia: zile 14 zilizojirudia, kaka kasema zisifutwe, ziwekwe alama. Umeme ulikatika saa 4 na nusu, sikupoteza kitu. Kesho: fungua faili la miamala, mstari wa 88, ongeza safu ya alama, afu endesha testi ya 5. Kesho Ijumaa, hakuna kudiploi."